UZI: Kazi za reli kwa vijana wa Tabora na Kigoma. Kiti cha dereva kiacheni kwanza

#1 Taruma_la_Chuma

Wakuu, mwangaluka.

Kila tangazo la ajira za reli likitoka, huku Tabora swali ni lilelile: "Dereva wa treni anatakiwa awe na nini?" Vijana wote macho kwenye kiti kimoja, wakati nyuma ya kiti hicho kuna watu wa njia, ishara na mawasiliano, umeme, karakana, stesheni, mizigo, stoo na uhasibu. Chagueni idara kabla hamjatuma maombi. Ukishaingia upande mmoja, kuhamia mwingine ni karibu sawa na kuanza shule upya.

Kwanza tuelewane ni reli ipi. Kwetu zipo mbili. Ya zamani, MGR, ina upana wa milimita 1,000. Ndiyo iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, tawi la Mwanza likakamilika 1928. Hapa ni makutano: Dar, Mwanza, Kigoma, halafu pale Kaliua inachepuka ya Mpanda, kilomita 210. Ya pili ni SGR, upana milimita 1,435, umeme volti 25,000, imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa kwa abiria na 120 kwa mzigo. Dar–Morogoro ilianza kubeba abiria Juni 2024, Dodoma ikafuata Julai. Kuja huku kuna Makutupora–Tabora kilomita 368, Tabora–Isaka 165 na Tabora–Kigoma 506, ukihesabu na njia za kupishania. Zote ni za Shirika la Reli Tanzania, TRC, lililoundwa upya 2017 kwa kuunganisha RAHCO, iliyomiliki miundombinu ya reli, na TRL, iliyoendesha treni. Mdhibiti ni LATRA.

Na msisahau treni ya mjini Dar, ile watu waliibatiza "treni ya Mwakyembe", jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilipoanza 2012. Ukiajiriwa na shirika la reli, kituo chako cha kazi hakichagui ulikozaliwa. Mwenye kuota kufanya kazi Cheyo, hapa Tabora mjini, tu, aseme mapema.

Wataalamu wa kila idara karibuni mjazie.

#2 Binti_Gongoni

Shukrani mkuu. Mtu mwenye kidato cha nne, D nne, aanzie wapi? Au reli ni ya waliofika kidato cha sita?

#3 Kanzidata

Dada, D nne zinatosha kuanza, mradi zisiwe za masomo ya dini. Hicho ndicho kiwango cha kawaida cha kuingia astashahada za NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Unaanza NTA (ngazi za tuzo za vyuo hivyo) ya 4, ya 5, kisha ya 6 ambayo ni stashahada. Lakini soma sifa za kozi yenyewe, kwa sababu kozi za ufundi huwa zinadai hesabu na fizikia ziwemo kwenye hizo D. Chuo cha reli tunacho hapahapa Tabora, na kampasi nyingine ipo Morogoro. VETA nayo ni mlango: umeme, uchomeleaji, mitambo. Karakana inamtaka mtu anayejua kuchomelea vizuri kuliko anayejua kusimulia injini.

Kwenye maombi, watu wanaangushwa na makaratasi kabla hata ya usaili. Nafasi za serikali zinapita Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Yanayoharibu sana ni haya:

Result slip. Haipokelewi, wala "statement of results". Weka cheti chenyewe cha kidato cha nne. Kama umekipoteza, anza kufuatilia NECTA leo, usingoje tangazo.

Majina. NIDA inasema Juma Ramadhani Kasanga, cheti kinasema Juma R. Kasanga, cha kuzaliwa kinasema Jumanne. Hapo unahitaji hati ya kisheria ya majina, na majina unayoyajaza kwenye mfumo yafanane na ya NIDA herufi kwa herufi.

Barua. Isainiwe kwa mkono, kisha iskaniwe. Barua isiyo na saini ni karatasi tupu. Tena anuani iwe ile iliyoandikwa kwenye tangazo, si ya tangazo la mwaka juzi ulilokopi.

Umri. Matangazo mengi yanaishia miaka 45.

Ukiitwa, kuna usaili wa mchujo wa kuandika, halafu mahojiano, na kwa kazi za mikono kuna wa vitendo. Nenda na vyeti halisi, nakala peke yake zinakurudisha getini. Ukifaulu lakini nafasi zikawa zimejaa, jina lako linabaki kwenye kanzidata, unaweza kupangiwa baadaye bila usaili mpya. Kwa hiyo namba ya simu uliyoandika usiitupe.

Na mtu akikuomba "hela ya chai" ili jina lipite, huyo hana jina la kupitisha. Kuomba ni bure.

#4 Mbuga_Nyeusi

Niseme ya idara ya njia, maana ndiyo inayodharauliwa na ndiyo inayobeba kila kitu.

Watu wanaona genge linatembea na beleshi na mitaimbo wanadhani ni vibarua wa kufyeka. Genge lina eneo lake la kilomita kadhaa, lina mnyapara, na juu yake yupo mkaguzi wa njia anayepita na kiberenge, kile kigari kidogo cha relini. Kazi kubwa ni kuiweka njia katika vipimo vitatu: upana, usawa wa reli ya kushoto na ya kulia, na unyoofu. Upana unapimwa kwa geji. Kitu kinachoangusha behewa mara nyingi si kipimo kibovu kwa ujumla, ni kubadilika ghafla. Njia iliyoinama upande mmoja kwa mita mia moja treni inaipita. Njia iliyo sawa hapa, ikaja ikazama upande mmoja ndani ya mita chache, gurudumu moja linapungukiwa uzito na kuanza kupanda juu ya reli. Behewa tupu ndilo la kwanza kuanguka.

Sasa ardhi yetu. Ukitoka Tabora kwenda Urambo unakatiza mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Maji yakikwama chini ya tuta, kila ekseli (chuma kinachounganisha magurudumu mawili) inayopita inakandamiza taruma, yaani mhimili unaolala chini ya reli, na tope linasukumwa juu kupitia kwenye kokoto. Utaona kokoto zimegeuka rangi ya udongo kwenye mataruma matatu manne, kandokando safi. Hapo taruma linaning'inia, halijakaa. Kijana mgeni atamwaga kokoto mpya juu yake, wiki mbili zimemezwa. Dawa ni kuchimbua kokoto zilizochafuka, kufungua mfereji wa pembeni maji yapate pa kwenda, kuweka kokoto safi, kuinua kwa jeki, ndipo ushindilie. Mfereji kwanza. Kalvati iliyoziba nyasi mwezi wa kumi ni tuta lililokatika mwezi wa kwanza. Kilosa–Gulwe wote mmesikia habari zake, mafuriko yamekata njia pale mara nyingi.

Joto nalo. Reli ya mita 12 ikitoka nyuzi 15 alfajiri kufika 55 mchana, inarefuka karibu milimita 5 na nusu. Ndiyo kazi ya ule mwanya kwenye kiungio, na ndiyo sababu boliti za kiungio zinalainishwa: zikishika kutu reli haiwezi kuteleza, mwanya unakuwa pambo. Viungio vikijifunga mfululizo, mchana njia inajikunja kama nyoka. SGR haina viungio hivyo, reli zimechomelewa zikawa moja. Haziwezi kurefuka, kwa hiyo nguvu inabaki ndani ya chuma. Kwa reli ya kilo 60 kwa mita, kila nyuzi moja juu ya joto iliyofungiwa ni kama tani 1.8 za msukumo. Nyuzi 20 ni tani 36, kwenye kila reli. Kinachozizuia zisijikunje ni uzito wa mataruma, vibano na bega la kokoto pembeni. Anayechota kokoto za begani akajengee jiko, huyo anachezea tani 36.

Mwenye kusoma ujenzi na akapenda jua, huku anapanda haraka. Kutoka genge hadi mkaguzi hakuna foleni ndefu kama ya kiti cha dereva.

#5 Binti_Gongoni

Na wanawake kwenye genge?

#6 Mbuga_Nyeusi

Wapo. Reli ya mita 12 ya ratili 80 kwa yadi ina kama kilo 476, hakuna mwanamume anayeibeba peke yake. Inabebwa na watu wengi kwa koleo, kwa sauti ya anayeongoza. Hatari iko wakati wa kuachia: wote mnaachia kwa neno moja, na mguu hauwi chini ya reli hata kwa sekunde.

#7 Saa_24

Upande wa stesheni. Kosa la kwanza la mgeni ni saa.

Sisi kwa mdomo tunasema "treni inaondoka saa nane na dakika ishirini mchana". Kwenye rejista inaandikwa 14:20. Abiria anasomewa saa ya Kiswahili, mwenzako wa kituo kinachofuata anatajiwa saa ya rejista, tarakimu mojamoja: moja, nne, mbili, sifuri. Ukimwambia mwenzako kwenye redio "saa mbili", anaweza kusikia 08:00, 20:00 au 02:00. Tatu! Kwenye njia moja ambayo treni zinatoka pande zote mbili, hiyo si lugha, ni ajali inayosubiri.

La pili ni kurudia agizo. Anayepokea anaandika kwanza, kisha anasoma alichoandika. Si alichosikia, alichoandika. Aliyetoa anathibitisha au anasahihisha. "Sawasawa mkuu" si jibu.

La tatu, treni ikipita kituoni stesheni masta anatoka nje. Hapungi mkono. Anatazama behewa la mwisho kama lina kibao au taa ya mwisho. Ikiwepo, treni imefika nzima. Isipokuwepo, huenda kipande kimebaki porini kati ya vituo viwili, na huwezi kumwambia mwenzako njia iko wazi. Akiwa nje anatazama pia ekseli inayotoa moshi, breki iliyogoma kuachia, mlango uliofunguka, turubai linalopepea.

Hii idara inafaa mtu mtulivu mwenye mwandiko unaosomeka. Mnacheka, lakini rejista yenye kufutwafutwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa tume ya kuchunguza ajali ikija. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika sahihi pembeni, saini. Usifute kwa wino mweupe.

#8 Muha_wa_Uvinza

Mwakeye wakuu. Huku kwetu vijana wengi wanalenga kwa mkandarasi wa SGR, si shirika. Ile nayo ni ajira ya reli au ni kibarua tu?

#9 Kanzidata

Mwakeye ndugu. Ni ajira, ila mwajiri ni mkandarasi, na kazi ikiisha mkataba umeisha. Usidhani utahamishiwa shirikani moja kwa moja. Itumie kama ngazi, na ngazi hiyo ni karatasi.

Mkataba uwe wa maandishi, nawe uwe na nakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, na kazi ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya ujira wa msingi. Likizo ya mwaka siku 28. NSSF jumla ni asilimia 20 ya mshahara na wewe huwezi kukatwa zaidi ya nusu yake. Angalia taarifa ya michango mara kwa mara, usingoje siku ya kudai mafao ndipo ugundue miezi sita ni sifuri.

Siku unaondoka, dai cheti cha utumishi. Ni haki yako kwa sheria hiyohiyo. Hakikisha kinataja kazi uliyofanya hasa. "Labourer" haikusaidii kama ulikuwa unachomelea reli. Kiandikwe uchomeleaji.

Kwa wenye digrii za uhandisi: Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo kazini, SEAP, wa miaka 3. Eneo la ujenzi lenye mhandisi aliyesajiliwa wa kukusimamia ni mahali pazuri pa kujaza kitabu chako cha kumbukumbu. Jaza kila wiki. Cha kujaza mwaka mzima kwa usiku mmoja kinajulikana.

#10 Volti25000

Kwa wanaotaka umeme na ishara za SGR. Kule dereva hategemei kutazama taa za pembeni kama zamani. Mfumo ni ETCS, mfumo wa Ulaya wa kudhibiti treni, ngazi ya 2: ruhusa ya kwenda inakuja kwa redio hadi kwenye skrini yake, vifaa vilivyofungwa katikati ya reli vinaiambia treni ipo wapi, na vihesabu ekseli vinathibitisha kipande kipo wazi. Ekseli 40 zikiingia zikatoka 38, mfumo unahesabu kipande kina treni, hata kama macho yako yanaona nyasi tupu. Fundi hapaswi "kufuta" hesabu mpaka mtu athibitishe kwamba kweli pako wazi. Hapo ndipo nidhamu inapopimwa.

Kwa nini yote haya? Kwa kilomita 160 kwa saa treni inakula mita 44 kila sekunde. Ikipunguza mwendo kwa kasi nzuri ya mita 0.7 kwa sekunde kila sekunde, inahitaji mita 1,400 kusimama. Dereva akiona ng'ombe, ameshachelewa.

Nyaya za juu: volti 25,000 haisubiri uguse, inaruka. Uingereza wanaweka mita 2.75 kama mpaka wa mtu na chochote alichoshika. Bomba la maji, ngazi ya aluminiamu, fito ndefu, vyote ni mkono wako. Waya hauhesabiwi kuwa umezimwa mpaka umezimwa, umepimwa, umefungwa nyaya za kupeleka umeme ardhini pande zote mbili za eneo la kazi, na kibali kimesainiwa. Simu ya "tayari, pandeni" si kibali.

#11 Binti_Gongoni

Kuna anayesema kupima macho kunawatoa wengi. Miwani inakataliwa?

#12 Volti25000

Tatizo kubwa si miwani dada, ni rangi. Wanatumia kadi za Ishihara, duara la nukta za rangi lenye namba ndani. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hawezi kuwa dereva wala mtu wa ishara, na hakuna dawa. Kapime hospitali mapema kabla hujalipa ada ya kozi ya miaka mitatu. Ukikutwa nalo, karakana, stoo, uhasibu na tiketi bado zipo wazi.

#13 Koki_ya_Mwisho

Basi na sisi wa treni zenyewe tuseme. Msaidizi wa dereva anayetaka kupanda aijue breki kuliko anavyoijua honi.

Breki ya hewa ya treni ni kinyume cha ya baiskeli. Bomba kuu linapita chini ya treni nzima, kwa kawaida linajazwa hewa ya shinikizo la bar 5. Likijaa, breki zimeachia. Dereva akipunguza hewa, vali ya kila behewa inahisi upungufu, inafungulia hewa kutoka tanki la behewa lenyewe iingie silinda, bloki zinabana magurudumu. Ndiyo maana treni ikikatika, vipande vyote viwili vinajifunga vyenyewe.

Sasa sikilizeni koki. Kila mwisho wa behewa kuna koki ya kufungua na kufunga bomba la hewa. Za katikati zote zinakaa wazi, ya nyuma kabisa inafungwa. Tuseme mtu amesahau moja kati ya behewa la 6 na la 7. Geji ya dereva inasoma bar 5 safi, haivuji, raha tupu. Lakini kuanzia la 7 hadi la 20 hakuna anayemsikia. Anakanyaga breki ya mabehewa 6 akisukumwa na 14.

Kwa hiyo kipimo: jaza mpaka geji itulie. Soma geji ya nyuma, si ya mbele tu. Punguza kama nusu bar. Tembea kwa miguu, ona bloki zimebana kila behewa. Rudisha hewa, tembea tena uone zimeachia. Usiondoke na behewa lenye breki ya mkono imefungwa: gurudumu halizunguki, linakwaruzwa linapata bapa, na baadaye linagonga reli kila mzunguko, dududu, mpaka beringi inachoka. Breki iliyogoma kuachia utaijua kwa harufu kabla ya moshi.

Swali la usaili la bure: treni ya mabehewa 20 imepimwa Tabora, sawa kabisa. Urambo mmekata matano ya nyuma. Mnaondoka au mnapima?

#14 Muha_wa_Uvinza

Mnaondoka, si yamepungua tu? Breki za 15 zimeshapimwa.

#15 Saa_24

Mnapima. Behewa la mwisho ni jingine sasa.

#16 Koki_ya_Mwisho

Saa_24 kapata, ila sababu ikamilike. Ili kukata, mtu amegusa koki za behewa la 15 na la 16. Ya 15 ndiyo mwisho mpya, lazima iwe imefungwa na kibao cha mwisho kihamie hapo. Ukishagusa koki popote, unathibitisha hewa inafika mwisho: geji nyuma, punguza, ona la 15 limebana, rudisha, ona limeachia. Halafu mnabaki na matano yaliyoachwa. Hayo yanafungwa breki za mkono na kuwekwa kabari, kwa sababu hewa inavuja polepole, na asubuhi yatakuwa hayana kitu kinachoyashika.